Mtani Wetu na Safari za Raga

Mtani alikuwa anafika nyumbani kwetu wakati ugali umeshawekwa mkekani, si kabla wala si baada. Sijui alikuwa anajuaje. Aliingia bila hodi, akachagua kipande cha nyama kilichokuwa mbele ya mtu mwingine, akala amesimama. Mikono hakunawa. Mafuta yakimchuruzika alijifuta kwenye kanga ya mama yangu, ile ile aliyoivaa mama, mama mwenyewe ameketi pale. Na mama alicheka. Sisi wote tulitakiwa tucheke, kwa sababu ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu huko juu milimani, na mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani anaonekana hakulelewa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia ile alama ya mafuta kwenye kanga, kinyaa kinanipanda, kisha nanyanyuka kwenda kumwagilia nyanya hata kama zimeshamwagiliwa.

"Bi harusi anakimbia," alisema nyuma yangu. "Yaone macho yake, chini chini tu. Mtani, huyu utamwoza lini?"

"Mwoe wewe," mama akamjibu. "Mkeo si amechoshwa na harufu yako?"

"Mke wangu ana mafua mwaka wa kumi huu. Mungu alimpa makusudi."

Jina la Bi harusi alinipa nikiwa darasa la tatu, mimi mtoto wa kiume, kwa sababu nilikuwa siwezi kumtazama mtu usoni. Kijiji chetu cha Mlali chote kikalishika. Nina miaka ishirini na mbili sasa, na wanunuzi wa nyanya wanaokuja na malori yao kutoka mbali wananiita hivyo hivyo, hawajui kama nina jina jingine.

Ningemvumilia kama si mama. Mama alikuwa na jambo moja alilolitaka, nalo ni kumwona dada yangu akicheza raga. Dada anaishi Dar es Salaam na amechaguliwa timu ya taifa ya wanawake. Alikuwa anatutumia vipande vya video kwenye simu, mama anakiweka kioo karibu na pua na kusema, "Naona sisimizi wanagombea sukari. Mwanangu ni sisimizi yupi?" Alitaka kukaa uwanjani, amtambue mwanawe kwa mbali kwa jinsi anavyokimbia. Na kwetu safari ya kwenda kutazama raga ilikuwa na mwenyewe. Ilipita kwenye mikono ile ile isiyonawa.

Kupanga ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hija za parokia alipanga yeye, maharusi alipanga yeye, na misiba pia. Lakini alichokipenda kuliko vyote ni ile Jumamosi na Jumapili ya mechi kubwa ya raga, wageni wanapokuja kucheza na timu ya taifa. Ujana wake aliumalizia Dar, akiwa mtu wa kuchora mistari ya chokaa kwenye kiwanja cha klabu moja ya raga. Alirudi Mlali na goti bovu na mapenzi ya mchezo ambao hapa hakuna mtu aliyeujua. Kwa hiyo hapakuwa na wa kumbishia.

Miezi miwili kabla ya mechi alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Neno lake lilikuwa moja: "Nimeshapanga." Alilisema kabla hujamuuliza kitu. Nani atakaa na nani kwenye treni, alishapanga. Chakula ni viazi vya kuchemsha na mayai, maharage marufuku, na sababu aliieleza kwa sauti na kwa vitendo, mbele ya watoto. Jumamosi kuondoka na treni ya alfajiri, kutazama mechi, kulala kwenye hosteli ya parokia moja huko huko. Jumapili misa ya kwanza, kisha kwenda kuonyeshwa bahari nusu saa. "Isizidi," alisema. "Ni maji tu."

Alikagua watu kama mbuzi wa mnadani. Alinusa viatu. Alishika vidole vya wanaume wazima akaangalia kucha. Watoto aliwalainisha nyusi kwa mate yake. Mwaka mmoja jirani yetu, mama wa makamo ambaye alikuwa ameshajiandikisha, alimkuta Mtani kwenye kibaraza cha kanisa pamoja na watu wengi. Mtani akamuuliza ule ugonjwa wake wa mkojo umefikia wapi, maana viti vya treni ya umeme ni vya kitambaa. Watu walicheka. Yule mama alicheka pia, kidogo, akaenda nyumbani, na safarini hakuonekana. Hakuwa mtu wa ukoo wetu. Hakuwa na utani wowote na yule bwana. Lakini Mtani alikuwa ameshazoea kulitumia neno hilo kwa kila mtu, kama mtu aliyepewa shamba moja akalima mpaka la jirani.

Halafu kulikuwa na mazoezi. Watu wa nje hawaamini nikiwaambia. Alikuwa anatoa mabenchi kwenye ukumbi wa parokia, anayapanga mawili mawili kwenye majani kama viti vya treni, anatuketisha kila mtu mahali pake, yeye anasimama mbele na kitambaa shingoni. Wazee walifanyishwa mazoezi ya kupanda na kushuka. Aliyeshuka polepole alirudishwa.

"Nikisema shuka, unashuka," alisema. "Huulizi. Huangalii nyuma. Milango ile haina huruma, haijui kama wewe ni bibi wa mtu."

"Na nikisahau mzigo?" mama aliuliza siku moja.

"Mzigo upo mkononi tangu kituo cha nyuma. Mtani, wewe kichwa chako kimejaa pumba? Rudi ukae. Shuka tena."

Mama alishuka mara nne siku ile, na kapu lake mkononi, akicheka.

Simu za wazee zote alizikusanya yeye kwenye mfuko mmoja, zisije zikaibwa. Na kila mtu aliapishwa kwamba akifika Dar hatazungumza na mtu asiyemjua.

Nikiwa mkweli, mipango yake ilikuwa mizuri. Aliujua upande wa uwanja wenye kivuli. Aliijua hosteli yenye vyandarua visivyotoboka. Aliwahi kupeleka watu arobaini, wengine hawajawahi kuvuka stendi ya Msamvu pale Morogoro, akawarudisha arobaini, wameshiba na hakuna aliyeibiwa. Ndiyo maana kila mwaka walimrudia. Mimi nilikuwa nawatazama wakimrudia na sielewi jinsi mtu anavyoweza kumpa heshima yake mtu mwingine aichezee, kwa sababu tu anajua kivuli kiko upande gani.

Alikuwa na nyumba safi. Hilo lilinishangaza siku ya kwanza niliyotumwa kwake. Uwanja umefagiwa, masufuria yanang'aa juu ya kichanja, na mke wake, yule mwenye mafua, anazungumzishwa kwa upole, "mama, chai yako inapoa." Kumbe alijua. Alijua kunawa, alijua kusema polepole. Uchafu aliuvaa alipokuja kwetu, kama mtu anavyovaa nguo za kazi. Hilo liliniudhi zaidi. Mtu asiyejua nitamwonea huruma.

Baba alipofariki, Mtani ndiye aliyemwosha. Kwetu hiyo ni kazi ya watani. Mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye mwenye neno katika ukoo wetu, aliniita nisimame mlangoni nishike ndoo. Nilimwona Mtani akimwosha baba vidole vya miguu, kimoja kimoja, taratibu kuliko nilivyowahi kuona mtu akishika kitu. Hakusema neno. Nikafikiri labda nimemkosea siku zote.

Kisha tukaenda makaburini. Kaburi lilikuwa tayari, watu wamezunguka, mama ameshikwa mikono na wanawake wawili. Mtani akaruka ndani ya kaburi akajilaza chali.

"Fupi hili!" alipiga kelele kutoka chini. "Mtani wangu alikuwa na miguu ya korongo, mnataka akunje magoti mpaka siku ya ufufuo? Sitoki. Leteni kuku."

Watu waliokuwa wanalia walianza kucheka huku machozi yanawatoka. Mama pia. Waliniambia baadaye kwamba hiyo ni dawa, kwamba bila hivyo msiba unamla mtu. Inawezekana. Mimi nilienda nyuma ya mti wa mkorosho nikatapika. Udongo wa kaburi la baba ulikuwa umemshika mgongoni, na alipotoka alikula kuku wake bila kuukung'uta.

Dada yangu ana maneno mengine juu yake. Dada alianzia kwenye uwanja wa shule ya msingi hapa hapa Mlali. Alikuja mwalimu wa kujitolea na mipira miwili ya umbo la yai, akakaa mwaka mmoja, akaondoka, mipira ikabaki. Mtani ndiye aliyeendelea kuwafundisha wasichana. Aliwafundisha kwa matusi. Dada akaitwa Gunia.

"Gunia, kimbia! Gunia la viazi likiporomoka mlimani linakushinda!"

"Nimechoka, Mtani."

"Umechoka nini? Umebeba nini zaidi ya makalio yako? Kimbia!"

Msichana mwingine yeyote angeacha. Wengi waliacha. Dada alikimbia huku amekunja uso, na siku moja akamgonga Mtani kifuani kwa bega, makusudi, akamwangusha. Mtani alikaa chini kwenye vumbi, ameshika goti lake bovu, akasema, "Sasa umeanza kucheza." Dada akiisimulia hiyo anacheka mpaka anashika mbavu. Anasema Mtani ndiye aliyemtoa woga. Mimi nakumbuka tu kwamba alikuwa na miaka kumi na minne na usiku alikuwa anajitazama makalio kwenye kioo cha mama.

Mama naye, Mtani alimfundisha mchezo, maana mama alitaka akienda ajue anachotazama. Alichukua papai letu bivu bila kuomba, akalikumbatia, akawa anakimbia nalo uani akichechemea.

"Unapeleka mbele kwa miguu, lakini kumpa mwenzako unarusha nyuma. Mbele hairuhusiwi. Ukifika nyuma ya mstari wao unaliweka chini. Hulitupi. Unaliweka, kama unamlaza mtoto."

"Na wakinikamata?"

"Unaanguka, unaliachia, mwenzako anaokota."

"Ah," mama akasema, "kumbe ni kama bombani maji yakitoka baada ya wiki. Aliyeanguka anaachia ndoo."

"Mtani, una akili siku mojamoja," alisema, akalipasua papai kwenye goti na kulila lote pale pale. Mbegu alizitema kwenye tuta langu la mchicha.

Mwaka dada alipochaguliwa timu ya taifa, safari ikawa ya ukoo wetu. Mtani alikuja nyumbani mara mbili kwa siku. Wanawake walikuwa wamepangiwa kucheza kwanza, saa nne asubuhi, kabla ya wanaume, kwa hiyo treni ilikuwa ile ya alfajiri. Mama alishona nguo mpya. Kwenye treni Mtani aliwaketisha wazee pamoja naye, vijana tukawekwa behewa la nyuma yao, "ili msisikie mambo ya watu wazima."

Kituo kabla ya Dar ni Pugu. Treni inasimama kidogo tu. Haya niliyajua baadaye kutoka kwa waliokuwa naye. Treni ilipokuwa inasimama Pugu, Mtani alimgeukia mama akasema kwa haraka, "Mtani, Dar hii! Shuka, wanafunga!" Alitaka mama aruke, akimbilie mlangoni, kisha ageuke aone wenzake wote wameketi wanamcheka. Ndivyo walivyosema. Lakini mama alikuwa amefanya mazoezi. Hakuuliza. Hakuangalia nyuma. Alichukua kapu akashuka, wa kwanza kabisa, vizuri kuliko alivyowahi kushuka kwenye majani ya parokia. Na milango ikafungwa.

Mimi nilimwona kwa dirisha. Treni ilianza kuondoka na mama yangu alikuwa amesimama pale na nguo yake mpya, kapu mkononi, uso una furaha, anangoja na sisi tushuke. Nilisimama. Nilitaka kupiga kelele na sauti haikutoka. Kulikuwa na watu wengi wageni ndani ya behewa, na hata wakati ule, Mungu anisamehe, niliwaonea haya.

Tulipofika Dar nilimkuta Mtani anacheka.

"Watampandisha nyingine," alisema. "Watu wa pale wana akili. Mama yako atafika na hadithi ya kusimulia mpaka afe. Twendeni, nimeshapanga basi."

Watu walicheka naye. Tukaenda uwanjani. Simu ya mama ilikuwa kwenye mfuko wa Mtani pamoja na nyingine zote.

Mama hakumuuliza mtu yeyote, kwa sababu alikuwa ameapa hatazungumza na mtu asiyemjua. Aliketi kwenye benchi la kituo cha Pugu akiamini yuko Dar es Salaam. Alikaa hivyo zaidi ya saa mbili, akala yai moja, mpaka mwanamke mmoja mfanyakazi wa pale akaja kumwamkia, akamwuliza anamngoja nani. Mama akamwambia anangoja watu wa raga.

Mechi ilipokaribia kuanza na mama hajaonekana, niliona Mtani ameacha kucheka. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Timu zilipokuwa zinaingia, yeye alikuwa anatoka. Alichukua bodaboda kwenda Pugu. Mechi aliyoipanga miezi miwili hakuiona hata dakika moja. Walipishana njiani, mama alikuwa ameshapandishwa gari na yule mfanyakazi wa kituo. Watu husema hilo linatosha, kwamba yule mzee alijiadhibu mwenyewe. Kwangu halitoshi. Mimi nilibaki kwenye kiti, na nilimwona dada yangu akiuweka mpira chini mara mbili. Kila mara alipoinuka alitafuta upande wetu kwa macho.

Mama alifika wakati wanang'oa vibendera vya pembeni. Wanaume walikuwa wamehamishiwa kiwanja kingine, pale watu walikuwa wanaondoka. Dada alimshika mkono akamwingiza uwanjani, akamwonyesha kwa kidole cha mguu: "Ya kwanza niliweka hapa. Ya pili hapa." Mama aliinama akagusa majani. Mtani naye akafika, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mtani," alisema, "wewe unachelewa kama mvua za mwaka huu."

Mama alimtazama. Nilingoja. Nilifikiri labda leo. Kisha mama akacheka kama inavyotakiwa, akasema, "Nilikuwa nakutafutia mke Pugu, huyu wako mafua yakipona atakuacha." Na watu wote wakapumua, safari ikaendelea, tukaonyeshwa bahari nusu saa. Sijawahi kuchukia kicheko kama nilivyokichukia kile cha mama yangu.

Nilienda kwa Mjomba. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kuyasema. Nilimwambia Mtani aje aombe msamaha, mbele ya mama.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. "Msamaha wa nini?" aliuliza. "Mtani hana kosa. Likikuuma, nawe mfanyie. Mwekee pilipili kwenye chai. Mfiche viatu. Mlango uko wazi."

"Siwezi, Mjomba."

"Basi cheka."

Hivyo ndivyo ilivyo. Kwenye utani, asiye na mdomo hana pa kwenda kushtaki. Wao wana ulimi wa kurudisha, na anayerudisha hakuumia. Mimi nilikuwa napata jibu siku tatu baadaye, niko peke yangu kwenye matuta.

Mwaka uliofuata dada aliumia bega, hakucheza. Na macho ya mama yakaanza kuharibika. Alikuwa akipita anagonga mlango kwa bega la kushoto, akidhani tumeusogeza. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki nacho kikapungua. Mpaka mwaka huu mama anaona mwanga na vivuli. Ananijua kwa hatua zangu.

Bega la dada likapona, na mechi ikapangwa tena.

Mtani alikuja wakati wa ugali, kama kawaida. Sasa amezeeka. Anakohoa, na akimaliza kukohoa anaangalia kwenye kitambaa kabla hajakikunja, nami natazama pembeni. Alichukua nyama kwenye sahani ya mama, na nilisema moyoni, hata sasa? Hata wakati hawezi kuona kwamba unamchukulia?

"Mtani, nimeshapanga," alisema.

"Unipange mimi nina macho?" mama akasema.

"Raga inatazamwa kwa masikio pia. Wewe macho ulikuwa nayo na ukaangalia Pugu."

Nilisimama. "Hapana," nilisema. Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wote wawili wakageuka. "Mama haendi na wewe."

Mtani aliendelea kutafuna.

"Bi harusi kasema," alisema taratibu.

"Nitaenda, baba," mama akaniambia. "Nawe utakuja."

Kwa hiyo nilienda. Kutoka stesheni ya Morogoro mpaka Dar, Mtani alikuwa amefunga pindo la kanga ya mama kwenye ukosi wa koti lake kwa fundo. Alimwambia kila aliyepita kwamba amemnunua mnadani. Vijana walipiga picha. Pugu ilipofika, aliushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili mpaka milango ikafungwa, na safari hii hakusema kitu. Niliona vidole vyake vimebana mpaka vimepauka. Sikutaka kuviona.

Uwanjani mama alikaa katikati yetu. Mechi ilipoanza, Mtani akaanza kumsimulia, mdomo karibu na sikio lake, mate yanaruka. Lazima niseme alisimulia vizuri. Alisema nani ana mpira, amegongwa na nani, ameangukaje, na kila mchezaji alimpa jina baya linalomfaa. Mama alikuwa anageuza uso kule mpira unakoenda, kwa kumfuata yeye. Mara mbili alicheka kabla ya watu wengine.

Zilikuwa zimebaki dakika chache na wageni walikuwa mbele kidogo. Timu yetu ilikuwa inasukuma karibu na mstari wao. Mpira ukatoka, ukapita mkono kwa mkono, ukamfikia dada pembeni. Mbele yake hapakuwa na mtu. Zilikuwa hatua kama sita. Mtani akaacha kusimulia. Dada akakimbia, akaruka kuuweka chini, na mpira ukamponyoka, ukadunda mbele, ukatoka. Mwamuzi akapuliza filimbi. Uwanja wote uliguna.

"Nini?" mama akauliza. "Mbona umenyamaza? Nini?"

Mtani akarudisha mdomo sikioni kwake. Kisha akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Kaweka, mtani! Kaweka chini kama anamlaza mtoto!"

"Watu mbona wameguna?"

"Wageni hao, inawauma. Upande huu wamejaa wageni. Nimepanga vibaya viti."

Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema amepanga vibaya, na ulikuwa uongo.

Mama akanigeukia. Macho yake yalipita juu ya kichwa changu kidogo. "Baba," alisema, "huyu ananitania?"

Mtani hakunitazama. Alikuwa anaangalia uwanjani, anajikuna goti. Neno nilikuwa nalo tayari mdomoni, moja tu, na kwa miaka miwili nilikuwa nimengoja siku ambayo mtu huyu atanihitaji. Dada alikuwa bado yuko chini, amefunika kichwa kwa mikono, wenzake wanamwinua.

"Hapana, mama," nilisema. "Kaweka kweli. Nimeona mwenyewe."

Iliniudhi jinsi ilivyotoka kirahisi.

Mama akaanza kupiga makofi. Uwanja ulikuwa kimya na alipiga peke yake, kwa nguvu, mikono juu. Watu wa mbele waligeuka kututazama. Mtani akapiga. Uso wangu ulikuwa unawaka moto, na nikapiga na mimi.

Mechi ilipokwisha dada alikuja moja kwa moja kwetu, macho mekundu. Mama alimpapasa uso, akakuta mashavu yamelowa.

"Jasho lote hili," alisema. "Nimekuona, mwanangu. Leo nimekuona."

Dada alimtazama Mtani, akanitazama mimi. Mtani akainama haraka, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili. Nikainama na mimi.